Tairi Lina Meno, Lakini Lina Miaka Mingapi? Mwongozo Kamili kwa Wenye Magari na Vespa Unguja na Pemba

Nilipata pancha mbele kidogo ya Jozani, nikirudi mjini kutoka Makunduchi na familia ndani ya Noah. Sikuwa na wasiwasi. Spea yangu ilikuwa haijawahi kugusa lami, hata vile vinyweleo vya mpira vinavyotoka kiwandani vilikuwa bado vimesimama. Nikaifunga mbele kulia, nikakaza nati, nikapanda garini huku nikimwambia mke wangu kwamba watu hawajui kutunza spea.

Tunguu hatukufika. Lilipasuka kwa kishindo, gari likavuta upande wa kulia, na Mungu alitusitiri tu kwamba hakukuwa na gari inayokuja. Nilipolichunguza nyumbani nikaona namba ubavuni: 0806. Maana yake wiki ya 8 ya mwaka 2006, na sisi tulikuwa 2019. Lile tairi "jipya" lilikuwa na miaka 13, na miaka yote hiyo lilining'inia chini ya gari likipikwa na joto la lami.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuinama. Nikisubiri mtu nje ya soko la Mwanakwerekwe nasoma matairi ya magari ya watu, na wapo walionidhania mwizi wa ringi. Niliyojifunza ni haya.

Kwa nini kisiwani tairi huzeeka kabla ya kuisha

Dereva wa Dar es Salaam anayekwenda Mwanza na kurudi hutembea zaidi ya kilomita 2,000 kwa safari moja. Tairi lake linakufa kwa kusagika. Sisi Unguja yote haizidi kilomita 85 kwa urefu, na Pemba ni kama 67. Chukua mtu anayekaa Bububu na kufanya kazi Darajani: kama kilomita 20 kwenda na kurudi, siku 6 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 6,000. Tairi la gari dogo lenye uwezo wa kwenda kilomita 50,000 litamchukua zaidi ya miaka 8 kulimaliza. Kwa hiyo siku atakayoinama kulitazama ataona meno mazuri kabisa, juu ya mpira uliokwisha kufa.

Kinachoua mpira ni hewa yenyewe. Oksijeni iliyoshindiliwa ndani ya tairi hupenya taratibu na kuushambulia mpira uliopo kati ya mikanda ya waya. Mpira huo ukikauka hushindwa kushika, na siku moja ukiwa mwendoni mkanda unaachana, ngozi ya juu inabanduka kama ganda la muhogo. Hiyo ndiyo hatari kubwa, na haionekani kwa macho. Kwa nje kazi hiyo hufanywa na jua pamoja na gesi ya ozoni, ndiyo inayochora zile nyufa nyembamba ubavuni. Watengenezaji huchanganya nta ndani ya mpira, na nta hiyo hujitokeza juu kulinda ngozi kila tairi linapopindapinda barabarani. Gari inayolala miezi chini ya mwembe haipati huduma hiyo. Ndiyo maana gari ya mtu aliyeko Uarabuni, "inayotunzwa" na mdogo wake pale uani, mara nyingi ina matairi mabovu kuliko daladala.

Joto huharakisha yote hayo. Idara ya usalama barabarani ya Marekani iliwahi kueleza takwimu za kampuni moja ya bima za miaka ya 2002 hadi 2006. Majimbo matano ya joto, yakiwemo Florida, Texas na Arizona, yalikuwa na asilimia 27 tu ya wateja wake, lakini yalileta asilimia 77 ya madai yote ya matairi. Na katika madai hayo, asilimia 84 yalihusu matairi yaliyovuka miaka 6. Anayejua kaskazi ya mwezi wa Februari hapa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Na chumvi ya bahari? Watu huilaumu sana, lakini mpira wenyewe inaudhuru kidogo. Inachokula ni ringi. Kutu ikijijenga pale tairi linapokalia ringi, upepo huvuja kidogo kidogo, na tairi lenye upepo mdogo hujichoma lenyewe kwa joto.

Hatua ya kwanza: soma tarehe ya kuzaliwa

Chukua tochi na kitambaa chenye maji ya sabuni. Tafuta ubavuni herufi DOT, kisha fuata mlolongo wa herufi na namba mpaka mwisho. Tarakimu nne za mwisho, aghalabu zikiwa ndani ya kijisanduku chenye ncha za mviringo, ndizo unazozitaka. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3517 ni wiki ya 35 ya mwaka 2017, yaani mwisho wa Agosti. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000; usiulize bei.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba tarehe mara nyingi huandikwa upande mmoja tu wa tairi, na fundi huenda ameugeuza upande huo kwa ndani. Usikate tamaa ukaambiwa "hii haina". Kwa matairi ya mbele, kata usukani mpaka mwisho, utaweza kuuona ubavu wa ndani. Kwa ya nyuma itabidi ulale chini, au usubiri siku gari ikipandishwa jeki. Matairi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yanaweza kukosa neno DOT, lakini tarakimu nne zipo.

Soma matano, siyo manne. Kisha ziandike kwenye simu: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, spea.

Hatua ya pili: amua kwa miaka

Hakuna siku maalumu ambayo tairi hugeuka bovu usiku mmoja. Wapo wanaosema lazima kila tairi litupwe likitimiza miaka 5. Wengi wao huwa wanauza matairi. Vitabu vya magari ya Toyota, ambayo ndiyo mengi hapa kwetu, vinasema tairi lililozidi miaka 6 likaguliwe na fundi anayejua hata kama halina kasoro inayoonekana. Michelin wanashauri ukaguzi wa kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na miaka 10 tangu kutengenezwa kuwa kikomo, spea ikiwemo.

Kwa jua letu mimi nafuata hivi. Mpaka miaka 5 sina neno, naangalia upepo na meno tu. Kati ya 5 na 7 nalikagua kila miezi mitatu na silipeleki safari ndefu na mzigo. Likitimiza 7 linashuka mbele, na likifika 8 linatoka kwenye gari. Huo ni uamuzi wangu, siyo sheria. Miaka 10 lakini haina mjadala. Uingereza mwaka 2012 basi la abiria liliacha njia huko Surrey baada ya tairi la mbele lenye zaidi ya miaka 19 kupasuka, watu watatu wakafa. Tangu Februari 2021 nchi hiyo imepiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi. Na wale wana baridi.

Hatua ya tatu: macho na vidole

Fanya asubuhi, tairi likiwa baridi na safi. Minya ubavu kwa dole gumba na uangalie nyufa zikifunguka. Nyufa nyembamba kama nywele juu ya ngozi ni onyo. Nyufa ambazo ukucha unazama, au zile zilizo chini kabisa kwenye mifereji ya meno, ni hukumu. Pitisha kiganja kuzunguka tairi zima. Ukikuta nundu ubavuni, nyuzi za ndani zimekatika, pengine siku ulipoingia shimo au ulipopanda jiwe la matumbawe kwenye zile njia za kuteremkia pwani. Nundu haitibiki. Usikubali kuambiwa "itakwenda tu".

Kwa meno, tafuta alama ya TWI au kijipembe tatu pembezoni mwa ubavu. Ukiifuata ndani ya mfereji utaona kidaraja kidogo cha mpira. Kidaraja kikiwa sawa na meno, umebaki na milimita 1.6 na tairi limekwisha. Kwa mvua za masika mimi siungoji mpaka hapo. Nalaza njiti ya kiberiti ndani ya mfereji. Njiti ina unene wa karibu milimita 2, na ikichomoza juu ya meno najua kwamba kwenye maji yaliyotuama gari itaelea kama ngalawa.

Soma pia namna meno yalivyolika. Yakilika katikati, unajaza upepo kupita kiasi. Yakilika kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Ukingo mmoja tu, peleka gari ikafanyiwe alaimenti kabla hujanunua tairi jingine, la sivyo utalitupa nalo.

Na usukani ukianza kutetema ghafla kwenye mwendo ambao zamani haukutetema, simama uangalie. Wengi hudhani ni balansi, kumbe mara nyingine ni mkanda unaanza kuachana.

Hatua ya nne: upepo

"Nitie ngapi, sheikh?" "Tia thelathini na tano." Hayo ndiyo mazungumzo ya kila kituo cha pancha, kwa kila gari, kutoka IST mpaka Hiace. Sijui nani alitupa namba hiyo.

Namba yako imeandikwa kwenye kibandiko kilichopo ubavuni mwa mlango wa dereva au kwenye nguzo yake. Kwa kuwa magari yetu yametoka Japani, kibandiko kina maandishi ya Kijapani na vipimo vya kPa, na hapo ndipo watu huachana nacho. Huhitaji kujua Kijapani. Tafuta namba kama 220 au 230 pembeni ya saizi ya tairi. 220 ni sawa na psi 32 (psi ndicho kipimo cha geji za vituo vya pancha). 230 ni kama 33. 250 ni kama 36. Kwa nyingine yoyote, gawa kwa 6.9.

Pima kabla ya kutembea, au baada ya kilomita mbili tatu tu. Tairi lililotoka Nungwi saa nane mchana litaonyesha psi nne au zaidi juu ya kipimo chake cha baridi. Ukipunguza hapo, kesho asubuhi litakuwa na njaa. Nunua geji yako mwenyewe, kwani geji za vituoni zimeanguka chini mara nyingi mno. Mara moja kwa mwezi inatosha, na kabla ya kila safari yenye watu wengi. Usisahau vifuniko vya valvu. Mchanga wa pwani hufanya kazi yake.

Upepo hauna faida kama mzigo umezidi. Kirikuu kimetengenezwa Japani kubeba kilo 350. Msimu wa karafuu, kwenye zile kona na vilima vya Pemba, nimeona vikirikuu vimebeba magunia mpaka matairi ya nyuma yamelala ubavu, na dereva anasema ametia upepo wa kutosha. Ubavuni mwa tairi, baada ya saizi, kuna namba ya mzigo: 82 ni kilo 475, 91 ni kilo 615, 107 ni kilo 975 kwa tairi moja. Ukiweka tairi la saluni kwenye Hiace kwa sababu "ringi ni ileile kumi na tano", unajichimbia.

Hatua ya tano: kununua bila kuibiwa

Hapa ndipo penye ujanja mwingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tairi jipya dukani siyo lazima liwe jipya. Omba kuona tarehe kabla ya bei. Lililokaa mwaka mmoja au miwili ghalani, kivulini, sina ugomvi nalo. Lililokaa miaka 4 umeshauziwa nusu ya maisha yake. Ukikuta sehemu ya tarehe imesuguliwa au imekwaruzwa, ondoka bila kuuliza sababu.

Matairi ya mtumba ni habari nyingine. Siwezi kumwambia mwenye daladala asinunue, maana naijua hesabu ya siku. Lakini aliyeyavua kule Ulaya au Japani alikuwa na sababu ya kuyavua, na mara nyingi sababu ilikuwa umri. Usinunue yaliyozidi miaka 5. Angalia ndani ya tairi pia: ukiona unga mweusi au mstari uliosuguka kuzunguka ubavu wa ndani, lilitembezwa bila upepo. Viraka viwe sehemu ya kukanyagia tu, kamwe siyo ubavuni. Usihadaike na weusi wa kung'aa, ile ni rangi ya kopo. Na lipo tairi kipara lililochongwa meno upya kwa kisu cha moto. Utalijua kwa mifereji yenye kingo kali zisizo sawa, na kile kidaraja cha TWI huwa kimekatwa.

Kubwa kuliko yote ni matairi ya theluji. Gari ikitua bandarini Malindi kutoka Japani, hasa kama imetoka kaskazini kwa wenyewe, yaani Hokkaido, hukaguliwa injini, boksi, redio. Matairi yakiwa na meno marefu mmiliki hufurahi. Inama usome. Ukiona neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake pamoja na herufi Q baada ya namba ya mzigo, hayo yametengenezwa kwa mpira laini wa kukanyagia barafu. Kwenye lami ya moto yanaisha kama sabuni, kona yanayumba, na kwenye mvua gari inachelewa kusimama. Usiyaweke hata kama spea.

Hatua ya sita: kufunga

Nunua mawili mawili, yafanane saizi na aina kwa ekseli moja. Ukinunua mawili tu, mapya yaende nyuma. Najua fundi atabisha, na nilibisha mimi pia. Lakini mbele ikiteleza unaihisi kwenye usukani na unapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza kwenye maji, gari inazunguka kabla hujasema bismillahi. (Lile la miaka 7 ninalolishusha mbele, basi, silihamishii nyuma. Linakuwa spea mpaka mwaka wake wa mwisho uishe.)

Mwambie fundi asugue kutu ya ringi kwa brashi ya waya kabla ya kufunga, na aweke valvu mpya. Ni kitu cha bei ndogo sana. Akitaka kutia tyubu ndani ya tairi lisilohitaji tyubu ili kuficha uvujaji, kataa. Tyubu na tairi husuguana, joto hupanda, na ikitoboka upepo hutoka mara moja badala ya polepole.

Wenye Vespa, neno lenu ni moja, lishikeni. Ringi ya Vespa ni vipande viwili vilivyobanwa kwa nati. Nati za kuachanisha vipande hivyo hazifunguliwi mpaka upepo wote umetoka na kiini cha valvu kimeondolewa. Ukifungua tairi likiwa limejaa, kipande kinaruka usoni. Na spea ile iliyokaa pembeni miaka kumi kama pambo, isomeni tarehe yake leo.

Likikupasukia njiani

Shika usukani kwa mikono miwili, nyoosha gari. Usikanyage breki. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, iache gari ipoteze mwendo yenyewe, kisha itoe kushoto penye udongo mgumu. Washa taa za tahadhari, shusha watu upande wa kushoto, wakae mbali na lami. Weka pembe tatu nyuma ya gari, mbali ya kutosha. Kama huna utaweka matawi kama sote tunavyofanya, lakini ukiondoka yaondoe. Chini ya jeki weka kipande cha ubao, mchanga wa shamba haushiki.

Mwisho wa tairi

Tairi ulilolikataa usimwachie mwenye kituo, kesho utalikuta kwenye gari ya mwenzako limepakwa rangi. Likate ubavu kwa msumeno wa chuma ukiwa umesimama hapo hapo. Usilitupe nyuma ya nyumba likijaa maji ya mvua, maana mbu anayeeneza dengi hupenda kuzaliana humo. Litoboe chini au lijaze udongo. Wavuvi huyataka kwa kuning'iniza ubavuni mwa boti, mafundi huyakatia katambuga. Lile la 0806 mimi nimelifukia nusu uani, watoto wanalikalia wakila embe.